Eda Yangu na Idi Mbili za Chake

Mwaka jana Chake Chake tulikuwa na Idi mbili, ya Ijumaa na ya Jumamosi, na kwa sababu hiyo eda yangu nayo ikapata miisho miwili. Kwetu si ajabu. Pemba kusali Idi siku mbili tumeshazoea: wako wanaofuata Makka, wako wanaongoja mwezi uonekane hapa hapa, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye aliyekosea, kisha alasiri wanakutana kwenye urojo na kupeana mkono wa Idi. Ila mimi nilikuwa kizuka, na hesabu ya kizuka ni ya mwezi.

Kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mume akakaa eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja, bila hina, bila manukato, bila kutoka ila kwa dharura. Mume wangu alifariki magharibi ile ile ulipoandama mwezi wa Shaaban. Kwa hiyo kuhesabu hakukuwa na taabu. Shaaban, Ramadhani, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, halafu siku kumi za Mfunguo Tatu, na siku ya kumi ya Mfunguo Tatu ndiyo Idi Kubwa. Adhana ya magharibi ya siku ya Idi ikilia, mimi niko huru. Wanawake wakaniambia hiyo ni bahati, utatoka na Idi. Sikuona bahati wala nuksi.

Nilikuwa sihisi kitu. Nalisema sasa kwa sababu wakati ule sikuweza kumwambia mtu. Tangu siku ya maziko sikutoa hata chozi moja. Watu walikuja wakakaa mkekani, wakalia wao, wakanitazama usoni, wakangoja. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Lia, mwanangu, usijizuie." Nikamwambia ahsante, nikamuuliza kama chai yake ina sukari ya kutosha. Nikasikia huko jikoni wananiteta: macho makavu vile, kweli alimpenda mumewe yule? Niliudhika kidogo, kisha hata kuudhika kukanitoka. Maana na mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Tulikaa miaka kumi na tisa. Mtoto Mungu hakutujaalia. Mume wangu alikuwa fundi wa mafeni na redio, kibaraza chake kilikuwa barabara kuu ya mji mkongwe, na sisi tulikaa uchochoro wa nyuma, katika nyumba ya mavyaa wangu, yaani mama yake. Mavyaa alizaa watoto watatu, wawili wakafa wachanga, na huyu wangu ndiye aliyekuwa amembakia. Baada ya maziko tukabaki wanawake wawili ndani ya nyumba yenye vyumba vitano. Yeye alikaa sebuleni akishona kofia, mimi nilikaa chumbani kwangu dirishani, na ikifika saa ya kula tukala. Hatukuwa na ugomvi. Hatukuwa na mazungumzo vilevile.

Kaka yangu alikuwa ameshapitisha. Eda ikimalizika, kesho yake asubuhi atakuja na gari kutoka Wingwi anichukue nirudi kwetu. Ndiyo kawaida. Mwanamke asiye na mtoto, mume hayuko, atabaki kwa mavyaa kufanya nini? Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na angeniuliza ningejibu sawa, kama nilivyokuwa nikijibu sawa kwa kila kitu. Mavyaa alipoambiwa habari hiyo aliinamia kofia yake akasema, "Kheri." Basi. Akaendelea kutoboa matundu.

Sasa hapa ndipo mwezi unapoingia. Mavyaa wangu, kwa miaka yote kumi na tisa niliyokaa naye, alikuwa mtu wa Idi ya mwanzo. Wanaosimama Arafa wakisimama, yeye yumo katika funga, na kesho yake alfajiri keshavaa buibui jipya. Mume wangu naye hivyo hivyo. Akina sie wote wa nyumba ile hivyo hivyo, na kwetu Wingwi pia. Mwaka jana Alkhamisi alifunga Arafa kama desturi, nikamwona anafuturu tende. Ijumaa asubuhi nikamsubiri avae. Hakuvaa. Akaja mlangoni kwangu na gauni lake la kupikia akasema, "Idi kesho. Mwaka huu miye nafuata mwezi wa hapa. Kaka yako nimeshampa habari."

"Sawa, Mama," nikasema.

"Na leo nimefunga tena."

"Sawa."

Saa tano hivi nilikwenda jikoni kutafuta kiberiti nikamkuta amenipa mgongo anakunywa maji. Alikunywa funda moja, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akarudisha kata juu ya mtungi taratibu isigonge. Nilimwona wazi. Nikachukua kiberiti changu nikaondoka. Kuona niliona, lakini kufikiri sikufikiri. Wakati ule mambo yalikuwa yakipita mbele yangu hivyo, nayaona yote na siulizi hata moja.

Jumamosi, Idi ya pili, alasiri baada ya sala, akaja mdogo wangu kutoka Wingwi. Huyu mdogo wangu ana mdomo, na moyo pia anao. Yeye Idi yake ilikuwa jana, hina yake ilikuwa nyekundu bado, na ameshika mfuko wenye buibui jipya na viatu vyangu vya kutokea.

"Haya dada, inuka. Twende tukatembee mji. Mwaka mzima huu hujaona jua!"

"Miezi minne," nikamwambia.

"Miezi minne na siku kumi na moja. Eda yako ilikwisha jana magharibi."

Mavyaa akasema kutoka sebuleni, bila kuinua sauti, "Haijesha. Inakwisha leo magharibi."

Mdogo wangu akanitazama, akamtazama. "Bi Mkubwa, si mlifunga Arafa Alkhamisi nyie?"

"Nilifunga na jana."

"Kwani Arafa ngapi mwaka mmoja?"

"Weye binti, usinihesabie funga zangu. Miye leo ndiyo Idi yangu. Na Idi yangu haijachwa." Kisha akanigeukia mimi. Macho yake hayaoni mbali tena, kwa hiyo hutazama kidogo pembeni ya mtu. "Kutoka sikukatazi. Jana ya watu imeshapita na weye una mwezi wako. Lakini kwa mwezi wangu miye, u kizuka hata magharibi. Ukiweza, adhana ikukute humu ndani. Nimeweka udi na kanga."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshamwambia sawa mdogo wangu pia, kwa hiyo nilikuwa na sawa mbili zinazogombana, na sikuona tabu. Nikavaa buibui, nikatoka.

Naomba nieleze matembezi yetu ya Idi yalikuwaje zamani, maana mdogo wangu alinipitisha njia zile zile bila ya kujua. Kila Idi alasiri mume wangu alikuwa akisimama uani akipiga makofi: "Haya, twende tukatembee mji!" Utadhani tunakwenda Misri. Mji wenyewe unaumaliza kabla askirimu haijayeyuka. Tunatoka uchochoroni, tunaikamata barabara kuu kwa juu, tunateremka na maduka ya zamani yenye milango ya mbao za nakshi, tunazunguka ngome, tunaingia bustani ndogo yenye miti ya mikungu, tunakaa kwenye benchi la saruji, tunakula urojo, tunarudi. Kwa mwendo wa kawaida ni dakika ishirini. Kwa mwendo wa mume wangu saa mbili, kwa sababu kila mlango alikuwa na hadithi yake, na hadithi zenyewe zote za uongo.

Si uongo wa kudhuru. Alikuwa anatunga. Mlango huu uliletwa na Banyani mmoja kutoka Bombay, ukaanguka baharini, ukafuata jahazi wenyewe mpaka bandarini. Nyumba ile ina ghorofa ya tatu lakini haionekani ila mwezi kumi na nne. Mwaka wa pili ukimuuliza, Banyani amekuwa Mmanga na mlango umekuja kwa mgongo wa punda. Nilikuwa namwambia, "Wewe muongo, mwaka jana hukusema hivyo." Anajibu, "Mwaka jana sikuwa nimefanya uchunguzi."

Basi tukatoka, mdogo wangu na mimi. Jua lilinipiga usoni nikafumba macho, basi hilo ndilo nililolihisi. Barabara ilikuwa imejaa. Watoto wamevaa nguo mpya zilizowazidi ili ziwafae na mwakani, mapurutangi ya rangi yaliyojazwa upepo yanapeperuka, bodaboda zinapiga honi hapa hapa watu walipo, na mbele ya kila duka lililofungwa kuna meza ya mtu anauza kachori, ubuyu, miwani ya plastiki. Watu walinijua. "Loo, umetoka! Alhamdulillahi. Mkono wa Idi!" Nikatoa mkono. "Pole sana tena." Nikasema nimeshapoa. Mdogo wangu ananibinya kiwiko kila tukisalimiwa, kama mtu aliyempeleka ng'ombe wake kwenye maonyesho, na usoni ana furaha tupu. Sikutaka kumvunja moyo. Nikawa nacheka pale panapostahili kucheka.

Tukapita kibarazani kwa marehemu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu chumbani. Nilijiambia, hapo ndipo patakaponivunja, hapo nitakaa chini nilie mbele za watu na iwe. Kumekaa mwanamke anayeuza makasha ya simu. Ameyatundika kwenye misumari ile ile mume wangu aliyokuwa akitundikia mafeni. Nikasimama. Mdogo wangu akanishika bega akangoja. Nikayatazama makasha, mengine yana maua, mengine yana bendera za timu za mpira.

"Twende," nikasema.

"Huna neno?"

"Sina."

Akanitazama vibaya kidogo, kisha akanisamehe. Niliona kwenye uso wake kwamba na yeye ameanza kujiuliza.

Mbele kidogo kuna mlango mkubwa kuliko yote ya mtaa ule, una misumari ya shaba safu kwa safu, mikubwa kama vifuniko vya birika. Katika safu ya chini mmoja hauko, pamebaki tundu jeusi. Huo ndio mlango mume wangu aliokuwa akiupenda kuliko yote. Mdogo wangu, kwa kutaka tu niseme kitu, akauliza, "Na huu je? Shemeji alikuwa anasemaje huu?"

Nikamwambia. Nikamwambia zote. Kwamba msumari ule uliliwa na mamba aliyepanda kutoka mkondoni. Kwamba aliung'oa askari wa Kireno akaufanya kifungo cha koti. Kwamba mwenye nyumba aliuza msumari mmoja kila akipata binti, na alipata binti mmoja tu. Nilizisema kama mtu anayesoma orodha ya dawa. Mdogo wangu akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona mimi sicheki akanyamaza.

Mzee mwenye mlango ule na duka lake, Mhindi wa hapa hapa, babu yake kazaliwa hapa, alikuwa amekaa kwenye kiti nje na mkongojo wake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akasema marahaba, akanipa pole, halafu akauelekeza mkongojo wake kwenye tundu.

"Mamba! Mamba gani? Huo aliung'oa yeye mwenyewe mumeo, ana umri wa miaka saba, kwa bisibisi. Mama yake akaja hapa analia, kaleta sinia la mabumunda aliyoyapika mwenyewe, ananiambia Mzee nisamehe, msumari hatuuoni, kautupa. Nikamwambia mama, mlango una misumari mia, mtoto unaye mmoja." Akacheka, akakohoa. "Mabumunda mazuri yale. Kila Idi analeta. Hata jana kaleta."

"Jana?" mdogo wangu akauliza.

"Jana asubuhi. Kavaa buibui jipya, ananiambia Idi mubaraka. Nikamwambia miye Mhindu bwana, kila siku nipe tu."

Mdogo wangu akanivuta tukaenda. Alikuwa ameshapandisha hasira. Tulipofika ngomeni alikuwa bado anasema. "Umesikia? Umesikia wewe? Jana Idi kaisali yule! Buibui jipya! Halafu leo anakukalisha eda. Ati mwezi wa hapa! Mtu mzima anageuza mwezi kama anageuza chapati."

"Mwache," nikasema.

"Simwachi. Anakuibia siku, dada. Siku nzima ya umri wako."

Tukaingia bustanini. Mikungu ilikuwa imeangusha majani mekundu, watoto wanapanga foleni ya bembea na hakuna anayeifuata foleni. Benchi letu lilikuwa na nafasi, tukakaa. Mdogo wangu akaenda kununua urojo akarudi na mabakuli mawili, bajia juu, chipsi za muhogo, pilipili ya kutosha. Nikala. Ulikuwa mtamu, nilijua ni mtamu, na ulimi wangu haukunipa habari yoyote. Mwanamume mmoja na mkewe walikuwa wamekaa benchi la pili wanagombania kijiko. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la hospitali, kivuli cha mkungu kimetufika miguuni.

"Siku moja ya kuiba," mdogo wangu akasema huku anatafuna, hasira zimeshapoa. "Sasa ataifanyia nini? Wewe kesho asubuhi unaondoka. Kaka keshajaza mafuta. Siku moja ana shida nayo gani kizee yule?"

Nikaweka kijiko.

Nadhani ni lile neno kesho. Kama eda yangu ingekwisha Ijumaa, kaka angekuja Jumamosi asubuhi, na mpaka saa ile niko Wingwi zamani, na mavyaa yuko peke yake na vyumba vitano. Eda ikaisha Jumamosi, kaka anakuja Jumapili. Hilo ndilo lilikuwa lote. Alikuwa hataki kuniuliza nibaki, kwa sababu kuomba si tabia yake, na kwa sababu aliona mimi si wa kuombwa, mtu ninayejibu sawa kwa kila kitu. Basi akaenda kuomba kwa mwezi. Mama huyu ambaye akikosa sala ya sunna hupoteza usingizi. Alitoka nyumbani kisirisiri Ijumaa alfajiri mimi nimelala, akasali Idi yake, akapeleka mabumunda yake, akarudi akavua buibui jipya akavaa gauni la kupikia, akaja kunidanganya kwamba amefunga. Na kwa vile kufunga siku ya Idi ni haramu, hakufunga. Alikunywa maji funda moja jikoni ili asiwe amemuasi Mungu, na akajificha ili asiwe amenipoteza mimi. Siku nzima ile alikaa na njaa yenye funda moja la maji. Ana miaka sabini na kitu.

Na mimi nilimwona. Nilisimama pale na kiberiti mkononi nikamwona.

Nilimwonea huruma. Naandika neno hili polepole kwa sababu lilikuwa kitu cha kwanza nilichokihisi tangu Shaaban. Halikuwa kubwa. Lilikuja kama ganzi inavyotoka mguuni, likiuma, na likaniuma hasa hasa. Kisha nikaona haya, nikaona haya sana, kwamba nyumba ile ilikuwa na msiba mmoja na wanawake wawili, na mimi miezi minne yote nilikuwa najipima macho yangu tu kama yana machozi.

"Saa ngapi?" nikauliza.

Mdogo wangu akatazama simu. "Kumi na mbili na robo. Mbona?"

Nikasimama. Bakuli likaanguka, urojo ukamwagika kwenye majani ya mkungu.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Eda yangu haijesha."

"Dada, una wazimu? Eda yako imekwisha jana!"

"Kwa mwezi wako," nikamwambia.

Nikapita ngomeni nusu natembea nusu nakimbia, buibui nimelishika mkononi, na mdogo wangu nyuma ananiita kwa jina langu la utotoni mbele ya mji mzima. Watu wakanipisha. Walidhani labda kuna habari mbaya tena. Nilipita kibaraza, nikapita mlango wa misumari, Mzee akainua mkongojo wake akasema kitu sikukisikia. Kiatu kimoja kilikatika ukanda penye duka la halua. Nikakivua, nikavua na cha pili.

Mavyaa alikuwa sebuleni. Chetezo kiko mbele yake hakijawashwa, kanga mpya doti moja imekunjwa juu ya mto, na mikono yake imekaa mapajani haifanyi kitu. Sikuwahi kuiona mikono ile haifanyi kitu. Alisikia hatua za miguu mitupu akauliza, "Nani?"

"Miye, Mama."

"Ah. Mji u vipi?"

"Umejaa."

Nikakaa chini mkekani karibu yake, nahema. Mdogo wangu akafika mlangoni na viatu vyangu viwili mkononi, akafungua mdomo aseme, akatuona, akaufunga. Namshukuru mpaka leo. Akakaa kizingitini kimya, jambo ambalo si lake.

"Mzee wa dukani anakusalimu," nikamwambia mavyaa. "Ananihadithia habari ya msumari. Ati mtoto wako ndiye aliyeung'oa."

"Muongo yule." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua anacheka. "Wala mwanangu hakuutupa. Alinipa nimfichie. Nikaenda nikamwapia yule mzee kwamba hatuuoni, na umo mfukoni mwangu, na sinia la mabumunda kichwani! Mpaka leo namlipa yule mzee kwa mabumunda, na hajui namlipia nini. Uko humo kwenye mkebe wa nyuzi."

Nikafungua mkebe. Mlikuwa na kidude cha shaba kilichokwaruzika, nilichokiona kila siku kwa miaka kumi na tisa na kudhani ni kizito cha kukandamizia nyuzi zisisokotane. Nikakishika. Kilikuwa cha baridi. Sikulia hata hapo, kama kuna anayengoja. Mavyaa ndiye aliyelia, bila sauti, macho yamenitazama kidogo pembeni, na mimi nikamshika mkono kwa mkono wangu mmoja, na wa pili ulikuwa na msumari.

Adhana ikalia. Tukasikiliza mpaka mwisho. Tukaitikia, tukaomba dua. Kisha mavyaa akajifuta uso, akatafuta kiberiti kwa kupapasa nikampa, akawasha kaa, akatia udi. Akanifunika kanga mpya mabegani, akaifukiza pindo kwa pindo kama nilivyofukizwa siku niliyoingia nyumba ile.

"Haya, mwanangu. Sasa huna eda kwa mwezi wowote. Kesho kaka yako anakuja, nenda kwenu kwa salama. Nilikuwa nataka tu adhana ikukute humu ndani."

Mdogo wangu pale kizingitini alikuwa ananitazama mimi. Nilijua anangoja niseme sawa. Na mimi nilijingoja niseme sawa, kwa sababu miezi minne nilikuwa sina neno jingine.

"Mama," nikasema, "Idi ijayo tutafuata mwezi upi? Wa Makka au wa hapa?"

Mkono wake ukasimama juu ya chetezo. Moshi ukapanda baina yetu, hakuupeperusha.

"Utakaoutaka weye," akasema. "Miye yote miwili nimeshaizoea."

Asubuhi kaka alikuja na gari. Nilimpa chai na mabumunda, akarudi Wingwi na mdogo wangu.